Sukari Sita

Juzi, katika maabara ndogo karibu na River Road, mama mmoja alipokea karatasi ya majibu na kuisoma kwa sauti. "Sukari ni sita tu! Na vile nimekuwa nikiogopa!" Akashuka ngazi akitabasamu.

Nilikuwa bado kwenye foleni wakati mkubwa wa maabara alipofungua daftari na kumuuliza mpimaji, "Hii damu ya yule mama uliiongeza maji?"

"Ndiyo. Sukari ilikuwa juu, mashine ikashindwa kuisoma. Nikachanganya sehemu moja ya damu na nne za maji ya chumvi."

"Halafu jibu ukalizidisha mara tano?"

Mpimaji aliweka kalamu chini, akakimbia na koti lake jeupe hadi barabarani. Nikamfuata. Mama alikuwa kibandani, ameinua chupa ya soda ya kujipongeza.

"Mama, usinywe! Hiyo sita ni ya damu yenye maji. Yako ni thelathini. Nimekosea mimi."

Mama akaiweka chupa chini. "Sasa nitakufa?"

"Hapana. Twende kwa daktari saa hii." Akambebea mkoba, wakaenda pamoja.

Baadaye niliambiwa alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wengi wetu tukigundua tumekosea hukimbia pia, ila upande ule mwingine.