Barua Kumi na Moja

Ghaniya binti Zakariya alikuwa na miaka sabini na moja, na kwa miaka minne alikuwa akipika kahawa katika maktaba ya kijiji bila ya mtu yeyote kujua kwamba hajui kusoma.

Maktaba yenyewe ilikuwa sabla ya zamani, ule ukumbi waliokuwa wakikutania wanaume wa kijiji kabla hawajajenga mpya karibu na msikiti. Kijiji kiko nje ya Ibra, upande wa milimani. Sabla ilibaki tupu, njiwa wakiikalia, mpaka maalima Hajar, mwalimu wa skuli ya watoto wadogo, alipouomba ufunguo. Akaja na wenzake, watu wazima wenye kazi zao, kila mmoja akijitolea alasiri mbili kwa wiki. Wakawatoa njiwa, wakapaka chokaa, wakaunda rafu kwa mbao za milango mikuukuu. Vitabu vikaja kwa makatoni kutoka Muscat na Sur na Nizwa, vingine vipya, vingine vimeliwa na mchwa pembeni.

Wiki ya kwanza tu Ghaniya alifika na birika lake na vikombe, akasema yeye atakuwa mpishi wa kahawa. Baadaye akaongeza kufuta vumbi. Alivijua vitabu kwa rangi na unene, na kwa mkwaruzo huu na doa lile; mtu akirudisha kitabu, aliweza kukirudisha pahala pake bila ya kuulizia. Akiombwa asome kichwa cha kitabu, alisema miwani ameisahau nyumbani. Hakuna aliyemshuku. Yeye alikuwa mtu wa Zanzibar, na kijijini wote walikuwa wakisema watu wa Zanzibar wamesoma.

Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga. Kule Unguja mama yake alifariki akijifungua, na Ghaniya, mtoto wa miaka saba, akatolewa chuoni akiwa bado kwenye alifu na bee, akawalee wadogo zake wawili. Sura za kusalia alizipata kwa kusikia. Alipokuja Oman mwaka 1974 akiwa mke wa mtu, zilikuwapo darasa za wakubwa, lakini jirani alimwambia, "Wewe huzihitaji, nyinyi mmesoma," naye akacheka, akanyamaza. Kicheko kile kilimgharimu miaka hamsini.

Alasiri moja ya mwezi wa Februari aliingia maktabani mwanamume wa makamo, kashika mkebe wa bati uliokuwa wa biskuti. Nyuma yake alikuwa mkewe. Mume alijitambulisha kwa jina la Marzouq, wa kijiji cha pili, na mkewe ni Kaltham. Waliuweka mkebe juu ya meza ya Hajar, na Marzouq akarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayekikimbia kitu chenye moto.

"Haya ni makaratasi ya marehemu mama yangu," alisema. "Tulikuwa tunabomoa ghala yake, tukayakuta ukutani. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno si Kiarabu. Nimemuonyesha mtu, akaniambia ni sihiri. Jina la mama limo, na jina langu limo. Ameniambia niyachome."

"Mie nimesema tuulize kwanza," Kaltham alisema. "Kuchoma ni kazi ya dakika moja."

Hajar akaufungua mkebe. Makaratasi yalikuwa kumi na moja, yamekunjwa mara nne nne, wino umegeuka rangi ya chai. Akalichukua la juu, akalitazama sana. Juu kabisa ilikuwapo Bismillahi, na chini tarehe ya Kiislamu. Katikati hakuelewa hata neno. Akaanza kulisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anavyowasomesha watoto wake wa darasa la kwanza.

"Mwa-na-ghu bizi Bal-qis. Baada ya sa-la-mu, naku-arifu hali zi-tu jima..."

Ghaniya alikuwa anamimina kahawa. Akasahau kuliinua birika, na kahawa ikafurika kikombeni mpaka ikamwagikia sinia.

"Rudia, maalima," alisema.

Hajar akarudia. Ghaniya akaliweka birika chini.

"Mwanangu mpenzi Balqis," alisema kwa Kiswahili, polepole. "Baada ya salamu, nakuarifu hali zetu njema." Kisha akawageukia, akasema kwa Kiarabu, "Si sihiri hii. Hii ni barua. Mtu anamsalimia mwanawe."

Marzouq alivuta kiti akakaa. Hajar uso ulimng'ara, akamnyooshea karatasi Ghaniya, ambaye yeye alimwita khala, mama mdogo. "Alhamdulillahi, khala. Basi tusomee wewe."

Karatasi ilibaki hewani baina yao. Ghaniya aliitazama. Ulimi ulikuwa umeshaanza kulitamka neno la miwani, na lau angelitamka, Hajar angesema kesho basi, na kesho angetafuta sababu nyingine. Akamtazama Marzouq, aliyekuwa ameushika mkebe kwa mikono miwili. Akamuona kuwa hatorudi kesho. Mtu mwenye khofu kama ile, akitoka mlangoni, ataishia kwenye kibiriti.

"Mie sijui kusoma, binti yangu," alisema. "Sikujua tangu siku ya kwanza niliyoingia hapa. Nisomee wewe kama ulivyokuwa ukinisomea. Wewe una herufi, mie nina maneno."

Hajar alishusha mkono. Akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake. "Kaa hapa, khala," alisema. "Ukae upande wa sikio langu zuri."

Wakaanza tena. Mwandishi wa zamani alikuwa ameziandika sauti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizokuwa nazo, na zile ambazo Waarabu hawana alizibandika kwenye herufi za jirani. Hajar akisoma "ghuo zaku", Ghaniya akifumba macho, akiigeuza mdomoni, kisha akisema, "Nguo zako." Hajar akisoma "nimi-bukia", yeye akisema, "Nimepokea." Mara nyingine walikwama kwa neno moja kwa muda mrefu, Hajar akilisoma hivi na hivi, akibadilisha irabu, mpaka ghafla Ghaniya akapiga goti lake kwa kiganja na neno likatoka zima.

Sauti ilikuwa ya Hajar, inajikwaa, haijui inasema nini. Lakini nyuma yake alikuwapo mwanamke wa Unguja anazungumza, na lafudhi ile Ghaniya hakuisikia tangu alipokuwa mtoto. Alikuwa anasema paka wa Balqis amezaa ndani ya sanduku la nguo zake, naye amemwacha hapo hapo mpaka watoto wafumbue macho. Anasema mvua za vuli zimechelewa. Anamuuliza mwanawe kama huko kwenye mchanga anapata kitu cha kula zaidi ya tende, na kama mumewe anampa ruhusa ya kulala mchana. Kila kitu kilikuwa kidogo, cha jikoni na uani, na kilikuwa kimekaa ndani ya ukuta miaka sitini kikimngoja mtu. Ghaniya alihisi kama yumo ndani ya msikiti mkubwa, pahala ambapo mtu huteremsha sauti bila ya kuambiwa.

Mwisho wa barua palikuwa na jina la aliyeandika. Shukriya, mama yake Balqis.

"Bibi yangu," Marzouq alisema. "Jina lake sikuwa nalijua."

Akawaeleza. Mama yake aliletwa kutoka Afrika akiwa mwali, na baba yake hakupenda habari hizo zizungumzwe. Mama alizungumza Kiarabu tu. Kijijini hakukuwa na mtu wa kumjibu kwa lugha nyingine.

"Hakukwambieni hata neno?" Ghaniya aliuliza.

"Hata moja." Akafikiri. "Ila tulikuwa na neno letu la nyumbani. Tukilia, alikuwa akitwambia 'nyamaza'. Mie nilidhani ni sauti tu, kama mtu anavyomfukuza kuku."

"Hata yeye wajukuu zetu anawaambia hivyo," Kaltham alisema. "Wote nyumbani wanajua, nyamaza."

Ghaniya akamweleza maana yake. Mwanamume yule wa miaka sitini na mbili akafunika uso kwa ncha ya kilemba chake, na wanawake watatu wakashughulika na vikombe mpaka alipomaliza.

Barua zote zilichukua alasiri nne. Siku ya pili walikuja watu wawili watatu kusikiliza, siku ya tatu sabla ilijaa. Wanawake wa kijiji walikaa chini kwa mstari, wanaume wakasimama barazani karibu na madirisha, na watu ambao hawakujua Kiswahili wala hawakumjua Balqis walinyamaza kimya kumsikiliza mwanamke wa Unguja akilalamika kuhusu bei ya samaki. Hajar alisoma, Ghaniya alisema, kisha akaigeuza kwa Kiarabu, na Kaltham akaandika katika daftari. Ilipofika barua ya nane, ya kupokea khabari ya kuzaliwa mtoto, na Bi Shukriya akasema jina la Marzouq limempendeza na kila siku analitaja mara tatu ili ulimi ulizoee, watu walimgeukia Marzouq wote kwa pamoja, kama ndiyo kwanza anazaliwa.

Ya kumi na moja iliandikwa katikati ya Shaaban mwaka 1383. Ilikuwa fupi. Bi Shukriya anasema wanasafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani. Anasema anamshonea mjukuu wake kofia, ameshatia nakshi nusu ya duara, na nusu iliyobaki ataimaliza ndani ya mfungo. Akipatikana mtu wa kuja huko, atampa ailete.

Hajar akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. "Imekwisha," alisema. "Hakuna nyingine?"

"Hakuna," Marzouq alisema.

Ghaniya alikuwa na miaka tisa katika Shaaban ile, ya Mapinduzi ya 1964, na aliyajua yaliyoifuata kabla mwezi haujaandama. Akaisema barua kwa Kiarabu mpaka kwenye kofia, kisha akaongeza, "Siku chache baada ya hapo, Unguja, nyumba nyingi zilifungwa milango na wenyewe hawakurudi. Mie nilikuwapo. Zaidi ya hayo sijui, na sitaki kubuni." Mwanamke mmoja chini akaanza kusoma Fatiha, wote wakaichukua, na waliokuwa barazani wakaitika amini.

Baada ya siku ile watu walileta mikebe yao. Kulikuwa na wasia mmoja, maandishi ya dawa za macho, orodha ya mahari, na barua nyingine nyingi, kutoka Al Mudhaibi na hata Fanja. Hajar na Ghaniya walikaa nazo kila Jumatatu na Jumatano. Lakini kabla ya kuanza, nusu saa ya mwanzo ilikuwa ya Ghaniya peke yake. Hajar alimpa ubao mdogo na chaki, akamrudisha pale pale alipotolewa, kwenye alifu na bee. Mara ya kwanza alipoliandika jina la baba yake, Zakariya, na kuliona limekaa mbele yake kwa mkono wake, alilifunika kwa kiganja, akalifunua, akalifunika tena.

Kiangazi kilipokaribia, mwanawe Sami alimpeleka Ibra kwenye soko la wanawake. Njia ile alikuwa ameipita mara zisizo na hesabu. Walipoingia mjini, gari ikapunguza mwendo mbele ya duka lenye ubao wa kijani, na jicho lake likashikwa na herufi tatu kubwa nyeupe. Khee. Bee. Zee. Aliziunganisha kimoyomoyo, akazikosea, akaziunganisha tena.

"Khubzi," alisema.

"Unataka mkate, yumma?" Sami aliuliza.

Ghaniya alikuwa ameshaona ubao mwingine, na mwingine baada yake, pande zote mbili za barabara, juu ya kila mlango, ubavuni mwa malori, kwenye mifuko ya wapita njia. Barabara nzima ilikuwa inasema. Miaka hamsini ilikuwa ikisema naye anapita.

"Enda polepole, mwanangu," alisema, akaliteremsha kioo. "Nasoma."