Katoni Iliyokwenda Lamadi

Kila futi ya chuma inapojirudisha ndani ya kasha lake, kwa ule mlio wa kuteleza unaoishia na "tak!", pua yangu hunusa grisi na sabuni ya mche kwa pamoja. Nachomelea mageti hapa Bariadi, kwa hiyo mlio huo nausikia kutwa, na mara nyingi haunisumbui. Lakini karakana ikiwa kimya, vijana wamekwenda kula, hunirudisha chini ya pikapu ya baba. Nina miaka kumi, nimelala chali juu ya gunia, na udongo mkavu unanidondokea machoni. Nawasimulia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo, na mimi nilichelewa sana kulielewa.

Baba alinunua na kuuza ng'ombe. Giaboksi ya pikapu yake ilichagua kufa wiki mbaya kuliko zote. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Bariadi kwa siku sita tu, Jumatatu hadi Jumamosi, na hakuna aliyejua kama wangerudi tena. Bibi, mama yake baba, alikuwa kijijini Migato, macho yake yametanda weupe kama maji yaliyoingia maziwa. Alikuwa amekubali kutibiwa kwa sharti moja: hapandi gari la mtu mwingine ila la mwanawe.

"Dereva wa watu," alisema, "hana mama humo ndani."

Ukimjua bibi, unajua kwamba mjadala uliishia hapo. Gari lisipotembea kabla ya Jumamosi, macho yangebaki yalivyo.

Fundi wetu aliitwa Rajabu, Mzaramo aliyekuja na magari ya pamba akasahau kurudi kwao. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na yeye haki ya utani aliitumia yote bila kubakiza. Alimcheka baba kwa kofia yake, kwa kutembea kwake, kwa kuwapa ng'ombe majina mazuri kuliko ya watoto. Baba naye alimwambia kwamba Mzaramo akisikia ngoma huacha hata jeneza njiani. Kwa watu hao wawili, hiyo ndiyo ilikuwa salamu. "Mwangaluka" ya Kisukuma ilifuata baadaye.

Giaboksi ya aina ile haikupatikana. Fundi akapata ya pikapu nyingine. Ilishikana na injini vizuri, ila ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Chini ya gari kuna mhimili wa chuma unaotoka ubavu mmoja wa chesisi hadi wa pili, mafundi huuita krosmemba, na mkia wa giaboksi hukaa juu yake kwenye raba. Ule wetu sasa ulikuwa mbele mno, na umbo lake halikukubali kusogezwa nyuma. Mkia wa giaboksi mpya ulining'inia hewani, umefungwa kamba kama ndama. Tulihitaji krosmemba nyingine inayolingana na chesisi yetu na wakati huohuo inayopokea mkia huo.

Jumatatu asubuhi Fundi Rajabu alipima kwa futi yake, tak, tak, akaandika tarakimu tatu kwenye kipande cha pakiti ya sigara. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akaenda Lamadi, kwenye uwanja wa vyuma chakavu kando ya barabara kuu, ambako magari yaliyochoka huishia.

Alirudi jioni ameibeba begani, anatabasamu tangu mbali. Sijawahi kuona krosmemba nzuri kama ile. Ilikuwa nene, nyeusi, mikono yake imepinda juu pande zote sawasawa, kama pembe za dume la kuongoza kundi.

"Jicho langu halijawahi kudanganywa," alisema.

Fundi aliingia nayo chini ya gari. Ilizidi chesisi kwa kiganja kizima kila upande. Akatoka, akakaa chini, akacheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi.

"Mtani, umekwenda kununua chuma au kuposa? Hii tuitafutie jike, izae!"

"Nguvu unaiona lakini?" baba alisema, naye anacheka, ila si sana.

"Naiona. Itavuta plau. Hebu lete karatasi yangu, tuone ilisemaje."

Baba alifungua kifungo, akatoa kipande kile. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, kingo zimekaza, kama kilivyoondoka asubuhi. Fundi alikishika, akakitazama, hakukifungua. Kisha akamtazama baba, ambaye ghafla alikuwa anakagua tairi ya nyuma. Fundi alipanua kinywa. Nilijua utani mkubwa unakuja, nikaanza kucheka kabla. Akafunga kinywa.

"Kosa langu, mtani," alisema taratibu. "Hii futi yangu imekufa. Inadanganya. Kabula, kwenu hakuna katoni ya sabuni?"

Nilileta katoni mbili na sindano ya magunia ya mama. Tulizipasua, tukaziunganisha kwa uzi wa katani hadi zikapata urefu. Kazi ile ilitaka mikono midogo, kwa hiyo chini ya gari niliingia mimi. Nilipaka grisi kuzunguka kila tundu la chesisi, nikabandika katoni, nikaikandamiza kwa kiganja. Nilipoibandua, ilikuwa na duara nne nyeusi, mbili kila upande. Katikati tulichora mahali mkia wa giaboksi ulipotaka kukaa. Kupima kina cha mpindo wa mhimili, alinikatia kijiti.

"Chuma kikilala juu ya katoni hii na matundu yakaonana, nunua," alimwambia baba. "Yasipoonana, hata kiwe na pembe za dhahabu, kiache. Na aliyeichora ndiye aende kuishika."

Jumanne alfajiri nilipitia gereji kuichukua katoni. Nikasikia mlio: tak! Fundi Rajabu alikuwa anapima ubao wa lori kwa futi ileile.

"Fundi, shikamoo. Si ulisema imekufa?"

"Marahaba. Imefufuka kidogo," alisema, akaitia mfukoni. "Usimwambie mtani wangu."

Sikumwambia. Lakini njia nzima, juu ya lori la mashudu, nilimfikiria Fundi Rajabu kuwa mwongo. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba alikosea kupima Jumatatu na sasa anaficha aibu yake. Nilimwonea baba huruma kwa kuchekwa bure.

Lamadi ilinukia dagaa waliokuwa wanaanikwa. Mwenye vyuma alitutazama tukikunjua katoni yetu.

"Mzee, jana ulinunua. Leo umekuja kuniuzia sabuni?"

"Leo nimekuja na mtaalamu wangu," baba alisema, akanisogeza mbele.

Tulilaza krosmemba moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa fupi, nyingine zilikuwa na matundu mahali pasipofaa. Kila baba alipovutiwa na moja niliona anaikataa kwa uchungu, kama mtu anayeacha mtamba mnadani. Jua lilikuwa limesogea tulipofika kwenye gari lililolala ubavu, na chini yake krosmemba yenye kutu, imejaa mavi ya kuku. Niliilaza. Upande wa kushoto, matundu mawili yalionana. Kulia, moja lilionana, la pili likapishana kwa nusu kidole. Alama ya katikati ilikaa. Kijiti kilikaa.

Baba hakuigusa. "Kabula, unasemaje?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwona bibi Migato, ameketi na fimbo yake, anasubiri sauti ya gari.

"Tundu moja limekataa, baba. Fundi atalitoboa. Mengine yote yamekubali."

Aliitazama kama ndama mgonjwa. "Ni mbaya huyu," alisema. Kisha akamgeukia mwenye vyuma. "Tunamchukua."

Jumatano fundi alitoboa tundu lile moja, akafunga bolti nne, akafungua kamba. Mkia wa giaboksi ulitua kwenye raba yake bila kelele. Alhamisi tulimleta bibi, amekaa mbele, anamwelekeza baba barabara asiyoiona. Ijumaa walimtibu jicho la kulia. Kitambaa kilipotolewa alituangalia mmoja mmoja, akasema nimekuwa mwembamba, kisha akataka kuonyeshwa kile chuma kilichomleta. Tulipita gereji, na baba akainamisha kioo chini ya gari.

"Mbaya namna hii! Nani alimchagua?"

"Kabula."

"Basi tutakunywa maziwa yake," bibi alisema, na Fundi Rajabu alicheka kuliko wote.

Miaka mingi baadaye nilikuwa namjengea baba kibaraza. Nilimpa mwisho wa futi, tukaivuta, nikamwambia anisomee imefika ngapi. Aliinamia ile futi. Kisha akabana kucha ya dole gumba juu ya bati la futi, akatembea nayo polepole hadi niliposimama, kucha haijasogea hata kidogo.

"Imefika hapa," alisema.

Utoto wake aliumaliza nyuma ya ng'ombe, darasa hakuliona. Nilikuwa nalijua hilo siku zote, lakini sikuwahi kufikiri maana yake. Nikiwa nimesimama pale niliiona tena karatasi iliyokunjwa mara mbili, na tairi iliyokaguliwa bila sababu. Niliweka alama ya chaki kando ya kucha yake. "Hapo hapo, baba," nilisema, na ile namba sikuitaja.

Mtani alikuwa na ruhusa ya kumcheka baba kwa lolote lililo chini ya jua, na jioni ile alikuwa ameshika mkononi utani mnono kuliko yote aliyowahi kupewa. Aliutia mfukoni pamoja na futi yake nzima, akaagiza katoni.