Misa ya Maiti Haibadiliki Timboroa

Sifa ni zake Mungu, ajuaye uzito wa mlima Menengai bila kuhitaji mizani. Amenipa miaka mingi kiasi kwamba leo nayacheka mambo yaliyonitoa jasho nikiwa msichana. Asifiwe asubuhi hii ninapoandika, na asifiwe hata kwa makosa yangu, maana baadhi yake aliyatumia vizuri kuliko majibu yangu sahihi.

Katika miaka ya hamsini tulikaa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Nakuru. Baba alikuwa fayamani. Kazi yake ilikuwa kulisha makaa tumbo la gari la moshi, kutoka Nakuru kupanda hadi Timboroa, ambako reli ile hufika juu kabisa, kisha kurudi. Jumapili alivaa koti lake moja na kuwa katekista wetu. Sala za Kilatini alizijua zote kwa kichwa, ingawa maana alijua ya chache. Kiingereza chake kilikuwa kile cha reli: simama, enda, hatari, umechelewa.

Mimi nilikuwa darasa la nane katika shule ya misheni, mmoja wa wasichana wanne. Wiki moja mwalimu wetu wa sayansi alitangaza kwamba Ijumaa Padri, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa shule, angekuja kutuuliza kwa mdomo yote tuliyosoma: joto, hewa, uzito, sumaku, mvuke. Atakayeshindwa hataandikishwa kwa mtihani wa mwisho. Kwa wavulana hiyo ilimaanisha kurudia darasa. Kwangu ilimaanisha pasi.

Pasi ilikuwa karatasi ya kusafiri bure ambayo mfanyakazi wa reli alipewa kwa ajili ya jamaa yake. Baba alikuwa ameichukua kwa jina langu na kuichomeka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Nisipoandikishwa, Jumamosi ningepanda gari kwenda kwa nyanya, magharibi, nikamsaidie shambani. Hakuna aliyenitisha nayo. Lakini sikuwa nimeona msichana wa umri wangu aliyekwenda kumsaidia nyanya akarudi na vitabu. Pasi ilikaa tu pale, kona yake imechungulia juu ya fremu, nami nikiiona kila tulipopiga magoti kusali.

Alhamisi alasiri nikafungua daftari nijikumbushe. Mdogo wangu, aliyekuwa anajifunza kutembea, alikuwa amelimwagia uji siku mbili kabla. Kurasa zilikuwa zimeshikana, na nilipozibandua, maneno mengine yalibaki upande wa pili, mengine hayakubaki popote. Tuliandika kwa Kiingereza. Mstari mmoja ulianza na "mass of a body", kisha uji, kisha maneno yaliyosema kwamba ni ile ile kila mahali, kinachobadilika ni uzito. Wenzangu wa kuwauliza walikaa mbali, wengine kwenye mashamba ya wazungu upande wa Njoro. Nikamwendea Baba. Alikuwa ameketi nje, amerudi kutoka kazini, miguu iko ndani ya karai la maji.

"Baba, unajua 'mass' ni nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua jina lake. "Mama," akasema, maana nilipewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "mimi katekista, Misa nisiijue?"

"Lakini hii ni ya sayansi."

"Misa ni Misa. Soma yote."

"Mass of a body."

"Hiyo bodi ndiyo nini?"

"Mwili."

"Hapana." Hapo alikuwa na uhakika. "Bodi ni maiti. Tumewahi kupakia jeneza kwenye behewa, na karani aliandika neno hilo hilo kwenye karatasi ya mzigo. Kwa hivyo ni Misa ya maiti. Inasema nini juu yake?"

"Katikati uji umekula. Mwisho inasema ni ile ile kila mahali."

Baba alipiga paja na maji yakaruka kutoka karaini. "Unaona? Kisumu Kilatini. Nakuru Kilatini. Roma kwenyewe Kilatini. Huyo mwalimu wenu ni mtu wa dini, nilikuwa namdharau bure."

Nakiri kwamba nilifurahi. Kwa mara ya kwanza sayansi ilikuwa inasema jambo ambalo nyumbani kwetu lilijulikana. Nikaendelea: "Na uzito ndio hubadilika. Mwalimu alisema ukipanda juu, unapungua kidogo."

Furaha ya Baba ikakoma. "Unapungua wapi? Timboroa?"

"Hata Timboroa."

"Timboroa makaa ni mazito kuliko ya hapa. Uliza mgongo wangu."

Mama alikuwa mlangoni akichagua maharagwe kwenye ungo. "Mgongo wako hulalamika hata kanisani," akasema bila kuinua macho. "Niulizeni mimi juu ya haya. Kwetu karibu na Kisumu yaliiva kabla sijamaliza kufua. Hapa Nakuru maji yanachemka, yanarukaruka, na maharagwe yananitazama tu."

Hilo nililijua vizuri, ukurasa wake haukupata uji. Nikamweleza kwamba Nakuru iko juu kuliko Kisumu, kwa hivyo hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi zaidi, na maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha.

"Kumbe si uvivu wangu," akasema Mama. "Rudia hilo kwa sauti, baba yako asikie."

Ijumaa Padri alifika na pikipiki, ndevu zimejaa vumbi. Aliuliza kwa Kiingereza, na tulipokwama alituruhusu kujibu kwa Kiswahili. Msichana aliyenitangulia alieleza vizuri kwa nini vipande vya reli huachiwa nafasi, akaketi akitabasamu. Kisha Padri akanitazama na kuuliza swali lile nililojitayarishia kuliko yote: "mass of a body" ni nini?

Nikasimama wima. "Ni Misa inayosomwa mbele ya maiti kanisani, Padri. Nayo ni ile ile kila mahali."

Mwalimu alifunika uso kwa kitabu cha mahudhurio. Halafu kutoka dawati la nyuma mvulana mmoja akauliza polepole, "Na bodi ya lori husomewa Misa gani?" Hapo wakaangua kicheko wote, nami nikaiona ile kona ya pasi juu ya fremu kana kwamba ilikuwa ukutani mwa darasa.

Padri aliinua mkono wakanyamaza. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba yangu, Padri. Ni katekista landhini."

"Si mimi," akasema mwalimu haraka.

Padri alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Umesema ni ile ile kila mahali. Kwa nini?"

"Kwa sababu popote inapokwenda, hakuna kinachoongezwa ndani yake wala kinachotolewa."

Alimgeukia mwalimu, kisha mimi tena. "Basi tuseme maiti yako imepakiwa hapa Nakuru, ikapelekwa Timboroa. Nini kitabadilika?"

"Uzito, Padri. Utapungua kidogo sana, kwa kuwa kule juu ni mbali zaidi na kitovu cha dunia. Lakini wabebaji hawatasikia tofauti. Baba anasema hata makaa hayapungui."

"Na Misa?"

"Hiyo haibadiliki."

Hapo ndipo Padri alipocheka, mpaka vumbi likapukutika ndevuni. "Mwalimu," akasema, "jibu hili ni sahihi. Limevaa tu nguo za kanisa." Akanieleza kwamba neno hilo moja la Kiingereza lina kazi mbili, na katika sayansi ni kiasi cha maada iliyomo ndani ya kitu chochote: jiwe, gunia, hata mtu aliye hai. Nilipata nafuu, maana usiku kucha nilikuwa nimejiuliza kwa nini sayansi iwajali wafu peke yao.

"Lakini siwezi kukuandikisha kwa bahati," akaendelea. "Nijibu lingine. Mpishi wangu anasema maharagwe ya Nakuru ni mabovu, hayaivi. Ni kweli?"

Namshukuru Mungu kwa maharagwe. Nikasema si maharagwe, ni hewa, nikaeleza yote kama nilivyomweleza Mama.

"Afanyeje basi?"

"Afunike sufuria, Padri, aweke jiwe juu ya kifuniko. Mvuke ukibanwa kidogo, joto hupanda."

Aliandika jina langu kwenye karatasi yake. Chini yake, niliona, akachora kijiwe kidogo.

Baba alirudi kutoka safari jioni hiyo. Nilimweleza yote, pamoja na lile la lori. Alisikiliza kwa uvumilivu, akiloweka miguu.

"Kwa hivyo hata makaa yana hiyo 'mass'?"

"Hata makaa, Baba."

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikisomesha Misa kutoka hapa mpaka Timboroa, koleo baada ya koleo." Akaonekana kuridhika. Mama akamwambia asije akamwomba Padri sadaka ya Misa hizo.

Kisha Baba alijifuta miguu, akaingia ndani, akaichomoa pasi nyuma ya picha. Asubuhi aliirudisha ofisini. Karani alimuuliza kwa nini abiria wake hasafiri. "Ameongezeka uzito," Baba akamjibu, "siwezi tena kumhamisha." Karani hakuelewa, lakini aliipokea.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuangalie. Mizigo yako na ipungue uzito kila unapopanda, na alichokiweka ndani yako kibaki kile kile popote atakapokupeleka. Na maharagwe yako yaive mapema.