Tumbo la Gari na Ulimi Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, zamani za kale, yaani mwaka juzi, niliposimama kwenye yadi ya magari kule Mobeni kati ya mjomba wangu na mwanamke fundi, na kati yetu watatu mimi peke yangu ndiye niliyeelewa kila kinachosemwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na cheo kikubwa kuliko umri.

Usicheke nikikuita mwanangu. Ndevu zangu ziko njiani, zimekwama kwenye foleni tu. Nimesikia kwamba wiki hii mama yako atakupeleka kliniki ukamsemee kwa daktari, na mtu akishakabidhiwa ulimi wa mama yake, hana budi kukaa chini awasikilize waliotangulia kuharibu.

Unajua ilivyo kwetu. Wazazi walifika Durban na Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa cha shule. Kiingereza na Kizulu tuliviokota sisi, darasani na uwanjani. Basi mtoto anaombewa ruhusa shuleni akaseme kwa mwenye nyumba, kwa nesi, kwa karani wa makaratasi. Hakuna aliyetufundisha kazi hiyo, na ubaya wake ni kwamba hakuna anayeweza kutukagua.

Mjomba wangu, Tonton Faustin, aliendesha malori miaka ishirini kwenye barabara za Kivu, zile ambazo gari huingia matopeni Jumatatu likatoka Alhamisi. Alipofika hapa, kazi aliyopata ni kulinda magari ya wenzake kwenye maegesho ya Point. Kizibao cha njano, mkono juu: rudi, rudi, kushoto kidogo, sharp, sawa hapo. Hakulalamika. Ila nilimwona mara nyingi, mtu akirudi nyuma vibaya, mguu wa kulia wa Tonton ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Kisha mlango ukafunguka. Mama mmoja aliyeitwa MaZondi, mwenye loji chini ya milima ya Drakensberg, alikuwa anatafuta dereva mwenye gari lake, wa kuwapandisha wageni kwenye njia za mawe na, msimu wa baridi, mpaka kwenye theluji. Alikuwa na sharti moja: gari liwe la umeme. Loji yake inakula jua la paani, na wageni wanakuja kutafuta ukimya na wanyama. Dizeli ikikohoa mara moja, wanyama wote wako nchi jirani. MaZondi angepanda mwenyewe kulijaribu gari. Likifaulu, kazi ni ya Tonton. Likishindwa, kizibao cha njano kipo, kinamngoja. Na zamu ya Tonton ya likelemba, ule mchango wetu wa kuzungushana pesa, ilikuwa imefika mwezi huo. Kwa hiyo tukaenda Mobeni.

Auntie Saras, fundi mwenye yadi, mwanamke wa Kihindi mwenye mikono ya grisi na sauti ya king'ora, alikuwa na magari mawili ya umeme yaliyotumika. La kwanza lilikuwa la buluu. Mwanangu, lile gari! Vishikio vya milango vilijificha, ukilisogelea vinachomoza vyenyewe, kama linakusalimu. Skrini ndani ilikuwa kubwa kuliko televisheni ya kanisani kwetu. La pili lilikuwa jeupe, la mraba, refu kwenda juu. Kusema kweli lilikuwa friji lililopewa magurudumu.

Tonton akalizunguka la buluu, akainama. Akauliza swali moja tu, na lilikuwa swali lenyewe.

"Dieume," akaniambia, maana jina langu ni Dieumerci, "muulize huyu maman, tumbo ya hii motokari iko juu namna gani? Sisi tunaenda kwa majabali."

Nikauliza. Auntie Saras akaweka spana chini, akajibu kwa dakika nzima. Alisema la buluu ni la mjini. Tumbo liko chini, na betri imelala humohumo tumboni bila bamba la chuma la kuikinga na mawe. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Tairi zake ni za lami. Kwenye baridi kali chaji ya gari lolote la umeme hupungua, na mkiwasha hewa ya moto ndani, inakimbia zaidi. Jeupe lile pale, akasema, linavuta kwa magurudumu yote manne, limeinuka, lina bamba chini, na viti vyake vinapata moto vyenyewe; pasheni viti, msipashe hewa. "Theluji ikifika kwenye muundi," akamalizia, "la buluu litaatamia kama kuku."

Mimi nilikuwa sisikii theluji. Nilikuwa nasikia geti la shule Jumatatu asubuhi, vishikio vikichomoza, na wale vijana wanaoniita mtoto wa kizibao wakikosa la kusema.

"Anasema ni nguvu," nikamwambia Tonton. "Anasema milima haina shida."

Tonton akanitazama. "Maman ameongea murefu, weye umefasiria mufupi."

"Kingereza iko na maneno mingi ya bure, Tonton."

Akacheka. Akaniamini. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na mimi nilidhani wanaisifu kwa kuokoa muda.

Auntie Saras alituruhusu tulijaribu gari siku mbili kabla ya kununua. Alishangaa tulipochukua la buluu, akatikisa kichwa, akadhani labda tumeghairi milima.

Jumapili tuliondoka alfajiri. MaZondi alikuwa amepiga simu kwamba juu kumeanguka theluji. Mimi nilivaa blazia ya shule na raba za turubai, mavazi kamili ya mtaalamu wa theluji. Njiani nikawasha hewa ya moto mpaka mwisho nikachezea skrini, na asilimia za chaji zikashuka kama ngazi. Tukafika tukachaji kidogo kwa jua la MaZondi. Naye akaja, buti za mpira mpaka magotini, blanketi mabegani, akakaa mbele. Mimi nyuma. Tukapanda.

Kwenye mawe ya kwanza, tumbo likakwaruza. Kwaaa. Tonton akauma meno kana kwamba limekwaruzwa lake. Alichagua kila jiwe, aliegemeza magurudumu huku na huku kwa ustadi ambao sijaona, lakini mchezaji mzuri hashindi bila miguu. Kwaaa tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na huu wetu chini ulikuwa na betri.

Kisha theluji. Mara yangu ya kwanza kuiona, mwanangu, nyeupe mpaka macho yanauma, na sikuifurahia hata sekunde moja. Ilifika kwenye muundi. Gari likaisukuma kwa tumbo, likajikusanyia kilima chake lenyewe, likakikalia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa ulaini, bila kelele, bila kwenda popote. Lilikuwa limeatamia kama kuku.

Tukashuka. MaZondi akaniangalia mimi. "Muulize mjomba wako nani alimwambia hili ni gari la mlima."

Naam, nilikuwa na la kusema tayari. Ningeweza kumwambia Tonton, "Anasema pole." Neno lilifika kwenye meno. Lakini Tonton alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, anachungulia chini ya gari, na akasema bila kuinua kichwa:

"Dieume. Mi sikuuliza tumbo?"

"Uliuliza, Tonton."

"Na maman alijibu nini?"

Nikamwambia. Yote, mpaka kuku. Mficha uchi hazai, na mimi siku ile nilizaa mapacha.

Nilingoja kofi, mwanangu. Kofi lingekuwa jepesi. Tonton alisimama, akaziona raba zangu zilivyolowa na ninavyotetemeka, akavua koti lake akanivika. Na ndani ya koti, juu ya sweta, alikuwa amevaa kizibao cha njano, ili kimwongezee joto. Kwenye weupe ule wote kiliwaka kama robot, taa ya barabarani, iliyokwama kwenye njano.

"Kama ningekuwa mutu wa pekee yangu," akasema polepole, "ningeingia chini ya ile motokari, nipime na mukono. Mi niko dereva, bana, najua kupima. Lakini nilikuwa na weye. Juu ya kuwa na weye, nikaacha kuangalia."

Hapo ndipo nilipolia, na machozi ya baridi yanauma.

"Kulia utalia kesho," akasema. "Sasa unisemee kwa huyu maman. Yote. Na ile itakuuma pia."

Nikamgeukia MaZondi. Nikasema kama alivyonipa, neno kwa neno: "Nimeendesha miaka ishirini. Niliuliza swali la haki. Mdomo wangu ulinidanganya. Mdomo wangu ni huyu hapa."

MaZondi akanipima kutoka raba mpaka masikio. "Hau! Na mdomo una umri gani?"

"Kumi na mitano, Ma."

"Waambie wenzako wa umri huo mlima haudanganyiki."

Tonton hakungoja mazungumzo yaishe. Alikwisha kulala ubavuni, anachimba theluji chini ya tumbo kwa kifuniko cha sufuria tuliyobebea wali. Akapunguza upepo wa tairi mpaka zikakaa bapa. Akatandika mazulia ya gari nyuma ya magurudumu, akanituma mimi nisukume kwa mbele, na akalirudisha nyuma kwa mguu mwepesi kama wa mtu anayempita mtoto aliyelala. Likatoka. Alilishusha kinyumenyume mpaka kwenye mawe, bila kwaruzo hata moja.

MaZondi alitazama yote akiwa amefunga blanketi. Kisha akasema, nami nikatafsiri bila kupunguza wala kutia chumvi: "Gari nimelikataa. Dereva sijamkataa. Theluji itakaa mpaka katikati ya wiki. Leteni kitu chenye miguu."

Jumatatu tukarudi Mobeni. Auntie Saras aliingia chini ya la buluu, akatoka, akanitafuta kwa macho. Alisema dakika mbili safari hii. Nami nikamgeukia Tonton:

"Anasema tuna bahati, ni rangi tu iliyokwaruzika. Anasema alituambia. Anasema mimi ni kichwa cha kabichi."

"Anaongea muzuri huyu maman," akasema Tonton. "Endelea."

"Anasema kabichi ingalau inapikwa."

Tonton akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu, pamoja na kutafsiriwa kila kitu, akaingia mwenyewe chini ya friji jeupe akapima kwa mkono.

Jumatano friji lilipanda. Liliyumba, lilikuwa baya vilevile, lakini tumbo halikugusa kitu na magurudumu manne yalishikana kazi kama wafiwa wanaobeba jeneza. Tulipasha viti, hewa tukaiacha. Kwenye mteremko wa kurudi, betri ikajirudishia chaji kidogo kila Tonton alipoachia mguu. MaZondi alisinzia. Abiria anayesinzia mlimani, mwanangu, ameshatoa jibu.

Sasa nikushike sikio. Wazee wanasema mchagua jembe si mkulima. Aliyesema hivyo hakuwahi kulima theluji. Chagua jembe. Uliza tumbo, uliza tairi, uliza baridi itakula kiasi gani, na usichague gari la mlimani kwa macho ya geti la shule. Shuleni walilicheka friji wiki mbili, kisha wakachoka, maana hata kicheko kina betri.

Lakini hilo la gari ni dogo. Kubwa ni hili: mtu mzima anaposimama nyuma yako akakuachia umsemee, amekupa macho yake na masikio yake, na amebaki na heshima tu. Daktari akisema marefu, sema marefu. Akisema la kuogofya, usimkinge mama yako kwa uongo. Mshike mkono, ulitamke. Neno usilolielewa, mrudie daktari umuulize, hata foleni nzima ikikusonya. Na siku mama akikuuliza mbona umefupisha, jua tayari umechelewa.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akujalie masikio marefu na ulimi usiojipendelea. Aupe afya mwili wa mama yako, na maneno ya daktari yawe mepesi kubeba. Na uzeeke, uzeeke sana, mpaka ufike nchi ambayo hujui hata kuomba maji. Na huko mjukuu wako asimame mbele yako, aseme yote.