Chura Aliyegoma Mbele ya Jeshi

Miaka ile ya vita, wakati waasi walikuwa wanatutawala na kila kilima kilikuwa na mkubwa wake, nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana huko Mususa, Butembo. Rafiki yangu niliyesoma naye alifundisha somo hilohilo Beni. Wasichana wake wa mwaka wa mwisho walikuwa wanakaribia mtihani wa serikali, na hawakuwa wamewahi kupasua chura hata mmoja.

Si kwamba Beni ilikosa vyura. Walijaa katika bonde nyuma ya shule yake, wakipiga kelele hata somo halisikiki. Lakini askari walikuwa wamepiga kambi bondeni pale, na mtu aliyeonekana akiinama kwenye majani angepigwa risasi kwanza na kuulizwa baadaye. Basi rafiki yangu akanitumia neno kwa mdomo wa dereva wa camion, lori la mizigo: nimletee vyura kutoka Butembo. Dereva alilirudia neno hilo kwa makini sana, kama mtu aliyebeba siri ya jeshi: "Alisema grenouilles. Hapana crapauds."

Katika Kiswahili chetu wote ni chura tu. Kifaransa cha shule ndicho kinachowatenga: grenouille ana ngozi laini yenye maji-maji, miguu mirefu, na anaruka mbali, crapaud ni mkavu, mnene, amejaa vinundu, ana miguu mifupi, na nyuma ya macho ana tezi mbili zenye sumu. Ni huyo wa pili ambaye watu wengi wanamhusisha na bulozi, yaani uchawi.

Nilivua viatu nikaingia kwenye mashimo ya watu wa matofali, yaliyojaa maji ya mvua. Wafyatua matofali waliniuliza natibu ugonjwa gani. Nilijaza ndoo ya plastiki, nikatia majani mabichi, nikatoboa kifuniko ili wanyama wapate hewa.

Safari hiyo nilikuwa na mama mkwe wangu. Binti yake wa mwisho alikuwa amejifungua Beni, naye alikuwa anaenda kumwona mtoto. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mnyoofu, asiyecheka ovyo. Alipoona ndoo alirudi nyuma.

"Utabeba bile bintu ku camion moja na miye?"

"Ndiyo, mama. Iko na kifuniko."

"Na batu ba kanisa baniona?"

Akafungua mzigo wake, akatoa kikwembe, kitenge kizuri cha maua, akaifunga ndoo vizuri kabisa, mpaka ikaonekana kama chakula kinachopelekewa mzazi. Aliona ametuokoa na aibu.

Tulipanda juu ya magunia ya viazi pamoja na abiria wengine, tukaenda bila shida mpaka barrière, kizuizi cha askari, ya mwisho kabla ya Beni. Pale askari mmoja alipanda kukagua mizigo. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kikwembe cha maua.

"Mama, ni chakula gani hii?"

"Hapana yangu," alijibu mama mkwe, ambaye hakusema uongo. "Ni ya muke wa mutoto wangu."

Askari akafungua. Chura wa kwanza alimrukia kifuani, wa pili shingoni. Yule askari alitupa bunduki juu ya viazi, akaruka chini, akakimbia hadi ndani ya shamba la mihogo. Wenzake wakazielekeza bunduki zao kwenye ndoo. Kwa kuwa hawakuona adui mwingine, wakanielekezea mimi pia.

Leo naeleza nikicheka, lakini siku ile hapakuwa na mzaha. Msituni kulikuwa na wapiganaji walioamini kwamba maji yao yanageuza risasi kuwa mvua, na askari hawa walikuwa wameshapigana nao. Mwanamke mwenye ndoo ya wanyama wenye maji, iliyofichwa kwa kikwembe, kwao hakuhitaji maelezo: alikuwa ametumwa na wale wa msituni.

Commandant alitoka kibandani amevaa sandali, na mswaki mdomoni. Kwao kulikuwa mbali, upande wa mto mkubwa, na Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala.

"Ni dawa?" aliuliza.

"Hapana, commandant. Ni ya masomo. Miye ni mwalimu."

"Grenouille ao crapaud?"

Sikutegemea swali hilo kutoka kwa mtu mwenye bastola. "Grenouille," nikasema.

"Kwetu grenouille tunakula. Iko nyama muzuri. Lakini crapaud ni ya batu ba bulozi." Akaketi juu ya kreti ya bia. "Sasa utatuonyesha. Moja moja. Fundisha."

Nikafundisha. Nimefundisha kwa miaka mingi, lakini sijapata tena darasa linalosikiliza namna ile. Askari walichuchumaa ukingoni mwa njia, bunduki kwenye mapaja, na hata yule wa mihogo alirudi akakaa mbele kabisa. Niliwaonyesha ngozi, miguu na nyuma ya macho. Niliposema grenouille ana vijimeno katika taya la juu na crapaud hana, commandant aliamuru askari mmoja atie kidole kinywani mwa kila chura ahakikishe. Alitia, macho amefumba. "Iko na meno, mon commandant!" Na wote wakajibu kwa sauti moja: "Grenouille!"

Tuliendelea vizuri hivyo hadi nikamtoa wa mwisho. Alikuwa mnene, wa rangi ya udongo, mkavu, mwenye vinundu mgongo mzima. Aliingiaje ndani ya ndoo yangu, mpaka leo sijui.

Kisha abiria wakaanza kubishana. Dereva alisema ni grenouille aliyezeeka. Mama muuza samaki wa chumvi alisema ni crapaud, mtoto mdogo angejua. Katekista mmoja alishauri tuulize kwanza kama ni dume au jike.

Commandant akainua mkono. "Tutamuweka ku njia. Kama anaruka, ni grenouille, mutaenda. Kama anatembea, ni crapaud, na madame atabakia hapa, atanieleza nani alimutuma."

Wakamweka katikati ya njia. Hakuruka. Hakutembea. Alikaa tu, koo likipanda na kushuka, akitutazama kama mkubwa anayengoja wadogo zake wamalize maneno. Magari yakaanza kusimama nyuma yetu, na madereva wa pikipiki wakaja kuuliza ni nani amekufa.

"Ruka!" commandant alimwambia.

Hakuruka.

"C'est un ordre! Ni amri!"

Jua lilikuwa kali. Mwishowe mama mkwe alishuka toka juu ya viazi, polepole, akajipangusa vumbi, akasimama mbele ya commandant.

"Mutoto wangu," alisema, "mujukuu wangu iko ananingojea. Muinue weye mwenyewe, umuangalie muzuri, tumalize."

Pengine hakuna aliyekuwa ameongea na commandant hivyo tangu atoke kwao. Aliinama, akamwinua yule mnyama mpaka karibu na uso wake. Naye akamkojolea mkono mzima, mpaka ndani ya mkono wa shati.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Niliona uso wa commandant ukibadilika. Akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo: "Madame. Kwetu banasema, crapaud akikukojolea, hauzai tena. Sasa ambia miye. Ni nini hii?"

Kabla sijafungua kinywa, yule askari wa mihogo, mwanafunzi wangu bora, aliinua kidole. "Mon commandant, iko na matezi nyuma ya macho, sawa vile madame alisema. Donc ni—"

"Kimya!" Commandant alisimama wima. "Hii ni grenouille. Batu yote banasikia?"

"Grenouille!" wakaitika askari, abiria, madereva. Hata muuza samaki.

Nilidhani yameisha. Lakini commandant, kwa furaha ya kupona, akatangaza kwamba kama wote ni grenouilles, basi wote ni nyama, na sufuria iletwe. Na aliyechaguliwa kwanza, kwa unene wake, alikuwa yule yule.

Nikinyamaza, askari watakula sumu iliyotoka katika ndoo yangu. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwambia mtu mwenye bastola kwamba hatazaa.

"Commandant," nikasema, "hii moja muniachie."

"Juu ya nini? Ndiyo ile kubwa."

"Imeshakukojolea weye, mukubwa. Haifai tena iliwe na badogo."

Naona neno lilimpendeza. Akamrudisha ndani ya ndoo kwa mikono miwili, kwa heshima, wale wengine wakabaki kwa ajili ya sufuria, na barrière ikafunguliwa.

Tulipokuwa tumefika mbali, mama mkwe aliuliza: "Donc, ilikuwa ya gani?"

"Crapaud, mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka hadi akaishika kamba ya magunia asianguke. Tangu baba mkwe auawe kwenye njia ya Alimbongo sikuwa nimemsikia akicheka. Nami nikacheka, na machozi yakatutoka, na abiria wote wakatuacha tuendelee.

Rafiki yangu alifunua ndoo mbele ya darasa lake, akamtazama mnyama, akanitazama mimi. "Niliomba grenouilles," alisema. Nikamwambia barabarani aliitwa hivyo kwa amri ya jeshi. Wasichana walimpasua, wakizunguka meza moja, wengine wamesimama juu ya mabenchi, wakachora moyo, ini na mapafu.

Mtihani wa serikali ulifika hatimaye, umevuka mstari wa vita kwa njia ambayo hakuna aliyetueleza. Swali la biolojia lilikuwa juu ya kuota kwa mbegu ya haragi. Wasichana walijibu vizuri sana. Mwaka ule Beni nzima ilikuwa inakula maharagi.