Klachi ya Narcisse na Mafuta ya Ng'ombe

Pikipiki ya Narcisse ilikuwa imeota tabia. Alfajiri, baridi ya milima ya Masisi ikiwa bado mifupani, klachi ilikuwa nzito, haishiki wala haiachii. Jua likipanda ililegea kupita kiasi. Kishikio kilifika hadi kwenye usukani bila kufanya kazi yoyote, na gia ikiingizwa ilikwaruza hadi meno yakaingia ganzi. Asubuhi ile ilimgomea kabisa kwenye mteremko wa kuingia Nyabiondo, bidoni za maziwa zikining'inia ubavuni. Narcisse hakutukana wala hakupiga teke. Alishuka, akasukuma. Kuna watu hulala wamechoka na kuamka wamechoka, naye alikuwa mmoja wao.

Haikuwa pikipiki kama hizi zilizojaa barabarani, za klachi ya waya. Ilikuwa kubwa, imeachwa na watu wa mradi fulani walipofunga virago, na klachi yake ilikuwa ya mafuta, yale yale ya breki: ukibonyeza kishikio, mafuta yaliyo ndani ya mpira mwembamba ndiyo yanayosukuma kazi huko chini kwenye injini. Alipoinunua watu walimcheka. Mchukuzi wa maziwa anataka nini kwenye chombo ambacho vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi? Akawajibu kwamba ameupenda ukubwa wake.

Huo ulikuwa uongo mtupu. Aliipenda kwa sababu klachi yake haikutaka nguvu. Mwaka yeye na watu wake walipokimbia vita wakiswaga ng'ombe, fahali alishtushwa na risasi, na kamba ilikuwa imezungushwa kwenye mkono wa kushoto wa Narcisse. Mkono ukavunjika, ukaunga vibaya, na kila msimu wa mvua uliendelea kudhoofika. Klachi hubonyezwa kwa mkono huo; ya waya, kwenye matope yale, ingemshinda kabla ya saa sita mchana. Hilo hakumwambia mtu, hata mke wake. Nani ampe maziwa yake mchukuzi mwenye mkono mbovu?

Gereji aliyoifikia ilikuwa ya Esdras, mtu wa Butembo, aliyekuja kuuza vipuri akaishia kuvifunga mwenyewe. Jumapili alisali misa. Siku nyingine zote alinung'unika. Alimwita kijana mwingine wa pikipiki aendelee na maziwa yasije yakaganda, kisha akachuchumaa.

Alianza chini. Aliupapasa mpira kutoka injini hadi usukani akitafuta unyevu. Pakavu. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa huku Narcisse akibonyeza kishikio kwa mkono wa kulia, akijifanya amesimama vibaya. Kilichotoka kilitoka kwa kusitasita, kizito. Esdras akakunja uso, akafuta tope kwenye kile kikopo kidogo cha mafuta kilicho usukanini, akafungua kifuniko chake.

Narcisse alijua kabla hajachungulia. Harufu ilimfikia kwanza, ile ya moshi na ya nyumbani kwake.

"Papa Narcisse, ulitia nini humu?"

"Mimi? Sikutia kintu."

Esdras alichovya kidole, akakitoa kimeng'aa kwa kitu cha manjano kilichoanza kuganda. Akanusa. "Hii haiko mafuta ya breki. Hii iko mafuta ya ngombe!" Akacheka hadi akaketi chini. "Asubuhi inaganda, saa sita inayeyuka. Njo maana hii pikipiki, hii moto yako, iko na kichwa mbili!"

Narcisse hakucheka. Kwao mafuta ya ng'ombe ni dawa ya kila kitu: mlango unaolia, kamba ya ngozi iliyokauka, midomo ya mtoto iliyopasuka. Na ni mtu mmoja tu aliyeyatengeneza nyumbani mwake.

"Sasa sikia," Esdras alisema, akiwa amemaliza kicheko. "Nitaosha yote. Lakini raba za ndani zimevimba, zimekufa. Za kutia nafasi yake siko nazo, na sijue kama Goma ziko. Tutoe hii maneno yote, tuweke kable, ile ya waya. Kable iko kila fasi. Kesho asubuhi naanza."

Pale ndipo pa kusema. Narcisse aliitikia kwa kichwa kama mjinga, akaanza kupanda mlima kwa miguu, akijua kwamba kesho Esdras atamfungia klachi asiyoiweza, na kazi yake itakuwa imekwisha.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeinama. Mke wake, Umuhoza, mama wa Kayitesi, alikuwa ameketi kwenye kigoda anasukasuka maziwa kwenye kibuyu.

"Mama Kayitesi, nani alifungua moto yangu?"

Kibuyu hakikusimama. "Njo mimi."

"Ukatia mafuta ya ngombe?"

"Nilitia. Na ilikuwa ya muzuri."

"Juu ya nini?" Alitaka sababu, akapaza sauti, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Ile fasi unakamata, nilisema ikuwe mwepesi. Juu ya mukono yako."

"Mukono yangu iko na nini?"

Umuhoza alikiweka kibuyu chini. "Zamani nikikupa maziwa, ulikuwa unapokea na mikono mbili. Sasa unapokea na moja. Wewe, mutoto wa muzee Kanyamibwa! Nilijua haiko kiburi. Nilijua inakuluma."

Narcisse aliona aibu. Katika nyumba zile, kupokea maziwa kwa mkono mmoja ni kumdharau ng'ombe na aliyemkamua, na yeye alikuwa akifanya hivyo kila jioni, akidhani haonekani. Kumbe mke wake aliona, akanyamaza, akatafuta msaada kwa kile alichokuwa nacho. Hasira yote ikamtoka, ukabaki uchovu tu.

Alitoa simu mfukoni.

"Esdras, kaka, usitie kable."

"Juu ya nini, Papa?"

"Mukono yangu ya kushoto haina nguvu. Ilivunjika zamani. Kable haiiwezi." Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo.

Upande wa pili ikasikika sauti ya spana ikiwekwa chini. "Ungesema tangu asubuhi, Papa. Basi natuma Goma batafute raba. Inaweza kukawia."

"Ikawie."

"Na bantu ya maziwa bakiuliza, niseme nini?"

Narcisse alimtazama Umuhoza. "Sema vile iko," alijibu, akakata simu.

Umuhoza alikuwa tayari amemimina maziwa kwenye kikombe cha mti. Akamsogezea. Narcisse alitoa mkono wa kulia, kisha, taratibu, akautoa na wa kushoto. Kikombe kikainama upande wa kushoto, maziwa yakamwagikia kidole gumba. Alikunywa hadi mwisho, na muda wote Umuhoza alikishikilia kikombe pamoja naye.