Kibuyu cha Wegesa

Safari hii niliianza kwa sababu ya Nyamisi, binti wa wifi yangu Wegesa, ambaye alikuja kwangu Makoko siku ya Alhamisi akakaa kwenye mkeka na kula dagaa zangu. Alikuwa ametoka kwao Butiama kununua sare za watoto. Katika maongezi nikamwambia Jumamosi nakwenda Bunda kwenye kusanyiko la akina mama wa kanisa, kutoa ushuhuda wangu.

"Ule wa pombe?" akauliza.

"Huo huo."

Akatafuna kwanza. Akameza. Kisha akasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Lakini mama, ile haikuwaga pombe. Mama yangu alikuwa amekupikia togwa."

Togwa! Uji mtamu wa kimea wanaokunywa hata watoto.

Ngoja niwaeleze ushuhuda wenyewe, ingawa wengi mmeshausikia. Miaka sita iliyopita mume wangu Magesa alifariki. Siku ya pili ya msiba akaja Wegesa, dada yake, na kibuyu kichwani. Mimi nilikuwa nimeokoka, na wazee walikuwa wameanza kunong'ona habari za mjane kutakaswa na mizimu kumwagiwa pombe. Basi nikasikia harufu ya kimea cha ulezi. Sikuuliza. Nilimpokonya Wegesa kibuyu, nikakimwaga chote chini pale uani, nikasema kwa sauti, "Mizimu yenu haina nafasi kwenye nyumba ya Yesu!" Nikamrudishia kibuyu kitupu. Akakipokea, akageuka, akaenda zake.

Ushuhuda huo nimeutoa Makoko, nimeutoa Kigera, na Bunda mara mbili. Akina mama wanalia. Mimi nilipendaga wanavyolia.

Na kwenye mkeka wa msiba siku ile walikaa majirani zangu Nyabuse, Bhoke, Nyanjige, mama Masatu na Nyakaho mke wa fundi baiskeli. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniambia ni togwa. Miaka sita! Nilipomuuliza Nyabuse jioni ya Alhamisi hiyo kwa nini alinyamaza, akasema, "Ulikuwa umeshaanza kuimba."

Ijumaa saa mbili asubuhi nikampigia simu mama Prisca wa Kigera, mwenyekiti wetu, kwamba nitapitia Butiama kwanza.

"Bwana asifiwe," akasema. "Ushuhuda wako umeshaandikwa kwenye ratiba. Baada ya chai."

"Huenda ushuhuda si wa kweli, mama Prisca."

"Lakini ni mzuri," akasema.

Tukapatana tukutane Makutano Jumamosi saa tatu, twende Bunda pamoja.

Saa nne nikashuka Makutano, pale barabara ya Butiama inapoacha ile ya Mwanza. Kijana wa bodaboda aitwaye Mwita akanipakia, akaniambia nimshike kiuno, nikamwambia sijamshika mwanaume kiuno tangu Magesa afe na sitaanza leo. Nikashika chuma cha nyuma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kusema, "Wifi, kama nilikosea unisamehe." Hilo neno "kama" nililipenda sana. Nililishika kama nilivyoshika kile chuma.

Saa tano kasoro nikafika kwa Wegesa. Alikuwa anaanika ulezi. Mbwa wake, Simba, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, akaja kuninusa.

"Simba hajambo?" nikasema.

Wegesa hakuinua kichwa. "Unakumbuka jina la mbwa."

"Mimi nakumbukaga majina yote, wifi."

"Ndiyo. Mbwa anaitwa Simba. Mimi naitwa 'mwanamke mmoja'."

Nikakosa pa kuweka mkoba. Kumbe ushuhuda wangu alishausikia. Watu wa Butiama wanakwenda Bunda kuuza pamba na karanga, wana masikio, na wana ndimi. Ni kweli: kwenye ushuhuda nilitaja Nyabuse, nilitaja Bhoke, nilitaja mpaka jina la fundi aliyetengeneza jeneza. Wegesa nilimwita "mwanamke mmoja aliyetumwa na shetani." Tena nilikuwa najiona nina upole, kumficha jina.

Nikasema maneno yangu niliyoyapanga. "Wifi, kama nilikosea..."

"Kama?"

"Nilikosea."

Akakaa kwenye kigoda chake. Akaniambia, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniudhi, maana angepaza ningejua la kufanya. "Niliambiwa hujala siku mbili. Nikajua pombe hunywi. Nikakoroga togwa usiku, nikatembea nayo kutoka stendi na jua lile. Na mwaka ule nilikuwaga naenda darasa la ubatizo. Zilibaki wiki tatu, na baada ya siku ile sikurudi. Ulijua hilo?"

Sikujua. Naapa sikujua.

"Ukaimwaga chini mbele ya kaka yangu aliyelala ndani. Sasa niambie wewe uliyeokoka, anayemwaga kinywaji chini kwenye nyumba ya marehemu anafanyaje?"

Nikautazama ulezi wake juani.

"Sema."

"Anatambika," nikasema.

"Wazee walifurahi sana," akasema Wegesa. "Mzee Nyamhanga alisema mjane ametambika vizuri, hata hajaombwa."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nimekaa pale na mkoba wangu wa kanisa mapajani kama mtoto aliyefukuzwa shule. Nilimkasirikia Wegesa, nikamkasirikia Nyabuse, nikamkasirikia hata Mungu kidogo, nikamwambia moyoni: Wewe ulikuwa unaona, na ushuhuda wangu ulikuwa unausikia kila mara, hukuweza hata kunipa kikohozi?

Baada ya kucheka akafuta macho, akaniambia msamaha wa pale kwake uani hautaki. "Ulinimwaga mbele za watu. Nisemee mbele za watu. Kwa jina." Halafu akainuka kupika uji wa ulezi. Alipoupoza kidogo akatia kimea, akakoroga, akafunika. "Kesho utakwenda na togwa hii Bunda. Waionje wenyewe, waseme kama ni pombe ya mizimu."

"Kanisani?"

"Kwani ilimwagiwa wapi? Si kwenye nyumba ya Yesu?"

Nikalala kwake. Jumamosi saa moja asubuhi togwa ilikuwa tayari, tamu, nyepesi, ina harufu ile ile. Akaimimina kwenye kibuyu. Nikakitambua kibuyu chenyewe: kina kovu shingoni lililoshonwa kwa uzi wa katani. Akanionya, "Ifike kabla ya saa sita. Leo ni jua. Ikichelewa itaanza kuchachuka iwe kama pombe, na hapo utasema nimekuharibia tena."

Saa tatu kamili nilikuwa Makutano, kibuyu mapajani. Mama Prisca hakuwepo. Saa tatu na nusu hayupo. Saa nne akashuka kutoka gari la Musoma, amevaa viatu vipya vyeupe.

"Nilikuwa natafuta viatu," akasema. "Bwana asifiwe."

"Amina. Togwa inachachuka."

"Togwa gani?"

Nikamweleza yote tukiwa ndani ya gari. Tulikaa kiti cha mbele, dirisha wazi, na mashamba ya pamba yanapita. Alivyokuwa anasikiliza ndivyo alivyozidi kusogea mbali na kibuyu.

"Mama," akasema mwishowe, "wewe toa ule wa zamani. Huku Butiama umeshaomba msamaha, inatosha. Wale wa Bunda wanajengwa na ule wa zamani. Kuna mwanamke alimwacha mganga kwa sababu yako."

Hapo aliniweza, na nilitafakari mpaka Kiabakari. Maana ni kweli, yule mwanamke anaitwa Nyasinde, namjua. Je, nikisema niliongopa, Nyasinde atarudi kwa mganga? Lakini Wegesa alikuwa amebakiza wiki tatu abatizwe. Nani alimhesabu Wegesa?

Kiabakari tairi likapasuka. Dereva, Chacha, akashuka akalitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyemfahamu. Jeki haikuwepo. Ikatafutwa jeki. Jeki ikaja, spana haikuwepo. Jua likawa juu ya kichwa. Nikaweka sikio kwenye kibuyu: kilikuwa kinanong'ona ndani, fss, fss. Nikamvua mama Prisca mtandio wake, nikauloweka maji, nikakizungushia kibuyu. Alilalamika. Nikamwambia viatu vyako vimetufikisha hapa, mtandio wako na utufikishe kule.

Saa saba na robo tukaingia Bunda. Chai ilishapita, na chakula kilikuwa kinaiva. Kanisa lilikuwa limejaa akina mama wenye vitenge vya sare. Mshereheshaji aliponiona akaruka, "Mama yetu wa ushuhuda!" Wakapiga vigelegele. Nilivisikia vile vigelegele na nikavipenda, nawaambia ukweli. Nilijua nikianza tu na "Nilikuwa mjane wa siku mbili," nusu yao wataanza kufungua leso.

Mama Prisca akaninong'oneza nilipopita, "Ule wa zamani."

Nikaweka kibuyu juu ya meza. Nikasema:

"Nimewaambia mara mbili hapa kwamba mwanamke mmoja alileta pombe ya mizimu kwangu. Nilisema uongo. Sikujua, lakini sikuuliza pia, na kutokuuliza ni kosa langu mwenyewe. Mwanamke yule anaitwa Wegesa, ni dada wa mume wangu, wa Butiama. Alinipikia togwa kwa sababu sikuwa nimekula. Aliyemwaga kinywaji chini siku ile ni mimi. Aliyetambika ni mimi. Na Wegesa alikuwa amebakiza wiki tatu abatizwe, akaacha, kwa sababu yangu. Hii ndiyo togwa yake. Anasema muionje."

Hakuna aliyelia. Nilizoea walie. Nilisikia sufuria jikoni.

Nikachomoa kizibo, kikatoa povu likashuka kwenye kitambaa cha meza. Mama Prisca akashika mdomo. Mshereheshaji akainama akanusa, akarudi nyuma. "Lakini mama, hii inanukia pombe kabisa!"

"Asubuhi ilikuwa togwa," nikasema. "Imecheleweshwa na viatu."

Hapo mtu wa nyuma akacheka, halafu wakacheka wengi. Nikamimina kikombe, nikanywa mimi kwanza, chote. Ilikuwa imechachuka kidogo, ndiyo, lakini utamu bado ulikuwemo. Nikakaa na kikombe kitupu mkononi, sijui nifanye nini kingine. Nyasinde ndiye aliyeinuka. Akaja mbele taratibu, akanyoosha mkono.

"Nimiminie na mimi," akasema. Akanywa. "Hii ni togwa. Mama yangu alinipikiaga hii hii." Kisha akaniangalia. "Mimi mganga nilimwacha kwa sababu alikuwa ananidanganya. Si kwa sababu yako."

Nilifurahi na nikaudhika kwa wakati mmoja.

Wakaja wengine, kumi na tisa pamoja naye, nawajua kwa majina, mpaka kibuyu kikaisha. Mama Prisca hakunywa. "Mimi ni mwenyekiti," alisema. Lakini tulipokuwa stendi tukingoja gari la kurudi, alikichukua kibuyu, akakitingisha karibu na sikio, akauliza, "Hakijabaki hata kidogo?"

Jioni nikafika Makoko na kibuyu kitupu. Sasa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na mimi hicho hicho nilishakirudisha kitupu mara moja. Basi Jumapili baada ya ibada nikakaa kizingitini na dagaa wakavu, nikaanza kuwaingiza. Shingo ya kibuyu ni nyembamba kama kidole. Wanaingia mmoja mmoja, wengine wanavunjika kichwa, wengine wanakwama kwenye kovu na inabidi uwasukume kwa kijiti. Nyabuse alipita akauliza kwa nini nisitumie mfuko. Nikamwambia apite.

Katika kazi hiyo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mchungaji amelihubiri miaka mingi nami nikiitikia amina bila kuligusa. Nilidhani nilishafika siku ile nilipookoka, na kilichobaki ni kuwasimulia wengine njia. Kumbe kila asubuhi naamka niko mlangoni bado, sijatoka. Kigera bado hawajasikia ukweli. Makoko bado. Nyabuse mwenyewe sijamsamehe kwa kunyamaza, na nitaanza kesho, leo siwezi.

Jumatatu saa nne nilikuwa Butiama tena. Wegesa akapokea kibuyu, akakipima mkononi.

"Jina langu ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Lote?"

"Wegesa, dada wa Magesa, wa Butiama. Wanawake kumi na tisa wamekunywa."

Akamimina dagaa kwenye ungo. Walitoka kwa shida, kama walivyoingia. Akachukua mmoja, akatafuna, akatema pembeni.

"Wana mchanga."

"Wameanikwa ufukweni."

Akaendelea kupembua. Simba alikuja akalala juu ya mguu wangu. Kisha Wegesa akasema, akiwa bado ameinamia ungo, "Lile darasa la ubatizo bado linakuwepo Jumamosi?"

"Lipo. Saa nne."

"Sijasema naenda."

"Sijakuuliza, wifi," nikasema. Nikasogeza ungo upande wangu, nikaanza kutoa mchanga.